Kuanza Ukiwa na Miaka 51: Uchambuzi wa Kisa cha Horst Tappert

Tarehe 20 Oktoba 1974 kituo cha televisheni cha ZDF, katika nchi iliyoitwa wakati huo Ujerumani Magharibi, kilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia ya upelelezi iliyopewa jina la mhusika wake mkuu, Derrick. Aliyeigiza nafasi ya Stephan Derrick, inspekta wa polisi wa mji wa München, alikuwa Horst Tappert, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, nywele zilizoanza kurudi nyuma, na mifuko mizito chini ya macho ambayo baadaye ilitambulika duniani kote. Alikuwa na miaka 51. Tamthilia ilipofungwa tarehe 16 Oktoba 1998, baada ya sehemu 281, alikuwa amefikisha miaka 75. Polisi halisi wa jimbo la Bavaria walikuwa wakistaafu wakiwa na miaka 60, kwa hiyo inspekta huyu alikamata wauaji kwa miaka 15 zaidi ya ile ambayo mwajiri wake angemruhusu, na watazamaji hawakuonekana kujali hata kidogo.

Kisa chake huelezwa mara nyingi kama mfano wa subira iliyolipa. Maelezo hayo ni ya kweli kwa upande mmoja tu, kwa sababu mtu anayeanza kazi akiwa na miaka 51 hafiki mikono mitupu: ana miongo mitano nyuma yake, na miongo hiyo ndiyo anayokuja kuigiza nayo. Kwa Tappert, miaka ya nyuma ilimpa uzito ambao kijana asingeweza kuuigiza, na humo humo lilikuwamo jambo lililokuja kulichafua jina lake miaka minne na zaidi baada ya kuzikwa. Mambo hayo mawili hayatenganishiki, na uchambuzi unaoyatenganisha unatupatia ama sifa tupu ama lawama tupu.

Tappert alizaliwa tarehe 26 Mei 1923 huko Elberfeld, mji ambao leo ni sehemu ya Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa posta. Kijana alisomea biashara, na hakuna dalili kwamba katika ujana wake alikuwa na ndoto ya jukwaa. Vita vikamkuta katika umri wa kuandikishwa. Vilipokwisha mwaka 1945, baada ya kipindi cha kuwa mateka, alijikuta katika eneo la Altmark, mamia ya kilomita kutoka kwao, hana kitu mkononi isipokuwa ujuzi wa hesabu. Ujuzi huo ndio uliompeleka kwenye jumba la maigizo la mji wa Stendal, lililokuwa likitafuta mtu wa kuandika vitabu vya fedha.

Inafaa kutulia kidogo hapa, kwa kuwa ndipo mwanzo halisi ulipo. Ujerumani ya mwaka 1945 ilikuwa nchi ya miji iliyobomolewa na watu wenye njaa, lakini kumbi za maigizo zilifunguliwa upesi mno, nyingine hata kabla ya maduka kuwa na bidhaa, kwa sababu tiketi ilikuwa mojawapo ya vitu vichache ambavyo pesa ya wakati ule iliweza kununua. Karani wa hesabu katika jumba kama hilo hukaa kwenye ofisi yenye daftari la mishahara na risiti za mbao, rangi na mishumaa, na upande wa pili wa ukuta anasikia watu wakirudia maneno yale yale asubuhi nzima hadi yakae sawa. Tappert aliutazama ukuta huo kwa muda mfupi tu. Akaanza kuchukua masomo ya uigizaji, na mwaka huo huo wa 1945 akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, akiwa na miaka 22. Karani akawa mwigizaji bila hata kubadilisha mwajiri.

Kwa kipimo cha watu waliolelewa katika fani, huko tayari ni kuchelewa: wenzake wengi walikuwa wameingia vyuo vya uigizaji wakiwa na miaka 17 au 18. Kilichofuata kilimchelewesha zaidi, angalau kwa macho ya umma. Alihama kutoka mji hadi mji: Köthen, Tübingen, Göttingen, Kassel, Bonn, hata Wuppertal kwao, mpaka mwaka 1956 alipopata nafasi katika Kammerspiele ya München, mojawapo ya majumba yenye heshima kubwa nchini humo. Msomaji asiyeujua utaratibu wa Ujerumani anaweza kudhani huku ni kutangatanga. Sivyo. Majumba mengi ya maigizo ya Kijerumani hugharimiwa na mji au jimbo, hulipa waigizaji wake mshahara wa mwezi, na hubadilisha mchezo karibu kila usiku, hivi kwamba mwigizaji yule yule leo ni mfalme, kesho ni mlevi, keshokutwa ni daktari mwenye mistari minne. Kuhama kutoka mji mdogo kwenda mji mkubwa ndiyo ngazi yenyewe ya kupandia. Tappert aliipanda kwa miaka 11 kufika München, na alibaki kwenye jukwaa la Kammerspiele hadi mwaka 1967.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa ambayo wasimulizi wengi huisahau, nayo ni kwamba televisheni yenyewe ilikuwa haijawapo. Matangazo ya kila siku ya televisheni katika Ujerumani Magharibi yalianza tarehe 25 Desemba 1952, Tappert akiwa na miaka 29, na ZDF ilianza kurusha vipindi tarehe 1 Aprili 1963, akikaribia miaka 40. Kizazi chake chote kilifika kwenye kioo kikiwa na umri mkubwa, kwa sababu rahisi kwamba hapakuwa na kioo cha kufikia mapema. Erik Ode, aliyekuwa kamishna maarufu wa televisheni kabla ya Derrick, alizaliwa 1910 na kupata nafasi hiyo mwaka 1969. Siegfried Lowitz, aliyeanza kuigiza kamishna katika tamthilia nyingine ya ZDF mwaka 1977, alizaliwa 1914. Miongoni mwa hao Tappert alikuwa kijana. Vituo vya televisheni vilihitaji nyuso za kuaminika, na vikazikuta kwenye kumbi za maigizo, kwa watu waliokwisha kukomaa.

Mlango wake ulifunguka mwaka 1966. Miaka mitatu kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 1963, genge la wezi lilisimamisha treni ya posta iliyokuwa ikitoka Glasgow kwenda London na kuiba zaidi ya pauni milioni 2.6. Televisheni ya Ujerumani iliigeuza habari hiyo kuwa filamu ya sehemu tatu, huku majina ya wahusika yakibadilishwa, na Tappert akapewa nafasi ya kiongozi wa genge, mtu aliyevaa vizuri, mwenye adabu, anayepanga wizi kama mkurugenzi anayepanga bajeti. Wajerumani wana neno la mzaha kwa kipindi cha televisheni kinachowafungia watu wote majumbani: hukiita mfagia barabara. Hicho kilikuwa mfagia barabara. Mwigizaji wa miaka 42 ambaye alijulikana na wapenzi wa maigizo wa München pekee akatambulika nchi nzima ndani ya siku chache. Mwaka uliofuata aliacha mshahara wa Kammerspiele na kuanza kufanya kazi kwa mikataba, akiigiza katika filamu za upelelezi za bei nafuu ambazo hazikumwongezea heshima lakini zilimzoeza kamera. Kwamba umaarufu wake ulianza kwa wizi wa treni, na ukamalizikia kwenye upelelezi wa miaka 24, ni kejeli ambayo yeye mwenyewe hakuhitaji kuieleza.

Derrick ilibuniwa na watu wawili: mtayarishaji Helmut Ringelmann na mwandishi Herbert Reinecker. Wawili hao walikuwa wametoka kufanya kazi pamoja katika tamthilia ya Erik Ode, ambayo Reinecker aliiandikia sehemu zote 97. Hata msaidizi wa inspekta walimchukua huko huko: Fritz Wepper alikuwa akiigiza mpelelezi kijana Harry Klein katika tamthilia ya zamani, akahamishwa pamoja na jina lake na cheo chake kwenda katika mpya, na nafasi aliyoiacha ikajazwa na mdogo wake wa tumbo moja, Elmar Wepper. Tappert basi hakuletwa kujenga kitu kutoka mwanzo. Aliwekwa ndani ya mashine iliyokwisha kufanya kazi vizuri, na kazi yake ilikuwa kuipa uso mpya.

Mwanzo haukuwa mzuri. Katika sehemu ya kwanza mtazamaji anamjua muuaji tangu dakika za awali: ni mwalimu wa shule ya bweni ya wasichana, na kinachobaki ni kuangalia jinsi Derrick anavyomkaribia. Mtindo huo haukuwapendeza watazamaji, waliotaka kubahatisha wenyewe nani kaua, na Reinecker akaubadilisha hatua kwa hatua mpaka tamthilia ikarudi kwenye swali la kawaida la mhalifu ni nani. Hata hivyo jambo moja lilibaki kutoka kwenye mtindo wa awali, nalo ndilo lililomfanya Tappert kuwa Tappert: mkazo haukuwa kwenye kumkimbiza mhalifu bali kwenye kukaa naye.

Tuangalie namna alivyofanya kazi. Karibu kila sehemu ina tukio la aina moja. Derrick anaingia katika sebule ya nyumba ya matajiri, pembezoni mwa München, yenye zulia nene na chupa za vinywaji juu ya meza ya kioo. Havui koti. Anauliza swali dogo, mara nyingi swali ambalo jibu lake analijua, kisha ananyamaza. Anayehojiwa anajibu. Derrick haitikii, haandiki, wala hatikisi kichwa, bali anamtazama tu, mwili umegeuka upande kidogo, kope nzito zikishuka nusu. Ukimya ule unakuwa mrefu kupita adabu, na mtu wa pili, kwa kutoweza kuuvumilia, anaongeza sentensi ambayo hakuulizwa. Hapo ndipo kesi inapofunguka. Mwigizaji kijana akipewa nafasi hiyo angejaza ukimya kwa kukunja uso au kutembeatembea. Kukaa kimya mbele ya kamera bila kuonekana umesahau maneno yako ni jambo gumu kuliko kulia machozi, na Tappert aliliweza kwa sababu alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya jukwaa ambamo alikwisha kupiga kelele zote zilizohitajika. Kwenye ukumbi wa watu mamia ilimbidi apanue kila kitu, na mbele ya kamera akajua kiasi cha kupunguza kwa kuwa alijua kilikuwa kiasi gani.

Umri nao ulifanya kazi. Washukiwa wa Derrick mara nyingi ni watu wa familia zenye mali: mume mwenye kampuni, mke aliyechoka, mtoto wa kiume aliyepotea kwenye dawa za kulevya. Mpelelezi kijana angeingia nyumba hizo kama mtu wa nje anayeonea wivu. Tappert aliingia kama mtu wa rika la mwenye nyumba, na mara nyingi kama mkubwa wake, akaweza kuwasikitikia bila kuwaogopa. Huzuni hiyo ndiyo iliyotofautisha tamthilia na nyingine za wakati wake. Risasi ni chache, magari hayapinduki, na mwisho wake mara nyingi ni mtu mzima anayeanguka kwenye kiti na kukiri. Wakosoaji wa Ujerumani waliicheka kwa miaka mingi, wakisema ni ya polepole, imejaa mahubiri, na mazungumzo yake hayafanani na ya binadamu yeyote. Walikuwa na haki kwa sehemu kubwa, maana sehemu nyingi za miaka ya mwisho zinachosha. Hata sentensi iliyogeuka kuwa mzaha wa taifa, ile ambayo Derrick anamwagiza Harry akalete gari, haikutamkwa kwa maneno hayo katika sehemu yoyote kati ya zile 281. Watu waliitunga wenyewe kwa sababu ilieleza vizuri uhusiano wa mkubwa na mdogo waliokuwa wakiutazama.

Hata hivyo wateja walizidi kuja. ZDF iliiuza tamthilia hiyo katika nchi zaidi ya 100, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa tamthilia ya Kijerumani. Norway, Italia, Ufaransa, Uholanzi na China zote ziliirusha, na wapo watazamaji wa Kenya na Uganda, wale waliokuwa na televisheni majumbani zama za kituo kimoja au viwili vya taifa, wanaomkumbuka Derrick akizungumza Kiingereza kilichobandikwa juu ya midomo ya Kijerumani. Naamini utulivu ule ule uliowachosha wakosoaji ndio uliorahisisha safari hizo. Tamthilia inayotegemea vichekesho vya mtaani au siasa za siku haivuki mpaka, lakini sebule, kosa la siri, na mtu mzima anayesubiri kuambiwa ukweli hueleweka popote. Nchini Norway Tappert alipendwa kiasi cha kujenga mazoea ya kudumu na nchi hiyo. Alikuwa na nyumba Hamarøy, kaskazini ya mbali, alikokwenda kuvua samaki.

Kwa upande wa mwigizaji mwenyewe, mafanikio yalikuwa na bei yake. Alipata tuzo nyingi, aliongoza baadhi ya sehemu yeye mwenyewe kuanzia miaka ya 1980, na polisi wa Bavaria wakampa cheo cha heshima cha kamishna wa upelelezi. Lakini hakuwa na nafasi nyingine. Mtu aliyekuwa ameigiza wafalme na walevi katika miji minane aliingia kwenye koti moja akiwa na miaka 51, na alipotoka hakukuwa tena na mwongozaji aliyeweza kumwona ndani ya koti jingine. Baada ya 1998 aliigiza filamu chache mno za televisheni. Hiyo ni tofauti kubwa kati ya anayeanza mapema na anayeanza kwa kuchelewa: wa kwanza akifungwa na mhusika mmoja ana miaka ya kujinasua, wa pili hana. Tappert alifariki tarehe 13 Desemba 2008 huko Planegg, karibu na München, akiwa na miaka 85, na rambirambi za magazeti zikamuaga Derrick zaidi ya zilivyomuaga yeye.

Hadi hapo kisa kingeweza kufungwa. Mwezi Aprili 2013, hata hivyo, gazeti la Frankfurter Allgemeine Zeitung lilieleza kile alichokikuta mtaalamu wa sosholojia Jörg Becker alipokuwa akipekua kumbukumbu za kijeshi kwa ajili ya utafiti mwingine. Kumbukumbu hizo, zilizohifadhiwa Berlin, zilionyesha kwamba Horst Tappert hakuwa askari wa jeshi la kawaida kama watu walivyodhani. Alikuwa katika Waffen-SS, jeshi la chama cha Wanazi, na mwezi Machi 1943 aliorodheshwa kama askari wa miguu katika kikosi cha divisheni ya Totenkopf, kwenye medani ya mashariki, dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Alikuwa na miaka 19. Divisheni hiyo iliundwa mwaka 1939 kwa kiini cha walinzi wa kambi za mateso, na mwaka 1940 askari wake waliwaua wafungwa 97 wa Kiingereza katika kijiji cha Le Paradis nchini Ufaransa. Tappert hakuwapo wakati huo, na nyaraka hazionyeshi kama alijitolea au alilazimishwa, wala hazimtaji katika uhalifu wowote. Zinaonyesha tu kwamba alikuwamo. Yeye, alipozungumzia vita katika uhai wake, alisema kwamba alikuwa mhudumu wa majeruhi, na hakuendelea zaidi.

Hatua zilichukuliwa haraka. ZDF ilisema haina mpango wa kurusha marudio tena, kituo kimoja cha Uholanzi kilifuta sehemu kilizokuwa kimepanga, na huko Bavaria likaibuka suala la kumvua marehemu cheo chake cha heshima. Nikiyapima sasa, naona hatua hizo zinaeleweka, lakini zilimwelekea mtu mmoja ilhali jambo lilikuwa pana zaidi. Herbert Reinecker, mwandishi wa kila neno lililotoka kinywani mwa Derrick, alikuwa mhariri wa magazeti ya vijana wa Hitler na mwandishi wa habari za vita katika hiyo hiyo Waffen-SS, na jambo lake lilijulikana kwa miongo mingi bila kituo chochote kuzima kipindi. Mwandikaji wa fasihi Günter Grass alikiri mwaka 2006 kwamba alikuwa katika Waffen-SS akiwa na miaka 17; alishambuliwa vikali, lakini alikuwa hai, alikuwa amesema mwenyewe, na aliweza kuulizwa maswali ya ziada. Tappert hakuacha nafasi hiyo.

Hapa ndipo suala la kuanza kwa kuchelewa linaporudi kwa sura nyingine. Mwigizaji anayejulikana tangu utoto huwa na maisha yanayoonekana. Waandishi wanaweza kuyahesabu mwaka kwa mwaka. Tappert alipofika kwenye umaarufu mwaka 1966, na zaidi mwaka 1974, alikuja na wasifu uliokwisha kupangwa vizuri: Elberfeld, biashara, vita kwa sentensi moja, karani wa Stendal, jukwaa. Ile hadithi ya karani aliyesikia maigizo kupitia ukuta ilikuwa tamu na ya kweli, na utamu wake ulifanya 1945 ionekane kama mwaka wa kuzaliwa kwake. Waliomhoji waliianzia hapo. Kwa mwanamume yeyote wa Kijerumani aliyezaliwa 1923, swali la alikuwa wapi mwaka 1943 lilikuwa la wazi kuliko yote, na kwa miaka 24 ya umaarufu, mbele ya mtu ambaye kazi yake kwenye kioo ilikuwa kuwauliza wengine walikuwa wapi usiku wa tukio, halikuulizwa kwa uzito uliostahili. Nyaraka hazikufichwa. Zilikuwa kwenye hifadhi ya serikali, na Becker alizipata bila kuvunja mlango wowote.

Kwa hiyo anayetaka kuitathmini kazi ya Tappert kama mwigizaji anaweza kuziangalia sehemu zile 281, ambazo bado zinauzwa kwenye diski, na kuona kwamba ukimya wake mbele ya mshukiwa ni ufundi halisi uliojengwa kwenye majumba ya miji midogo kwa zaidi ya miaka 20. Ufundi huo haukubatilishwa na kadi ya kijeshi ya 1943. Kilichobadilika ni mambo ambayo mtazamaji anayafahamu anapoutazama, na mwigizaji, ambaye angeweza kuyasema mwenyewe wakati wowote kati ya 1974 na 2008, alichagua kutoyasema.